Zimeni, Mama Araksi Apumue

Wewe uliziona. Nyaya zilizosokotana juu ya vichochoro vya mtaa wetu wa Burj Hamud uliziona, ukainua simu, ukapiga picha, ukaenda zako. Hukuuliza waya upi unampa nani pumzi.

Waya mmoja ulipanda hadi ghorofa ya nne kwa Mama Araksi, mjane wa fundi viatu, anayeishi kwa mashine ya oksijeni. Waya huohuo ulilisha pia karakana ya marehemu, chini kabisa, ambako Sevan alikuwa na kompyuta ishirini za kupika katuni: yeye huchora, zenyewe hukesha zikiivisha picha moja moja hadi katuni itembee. Wenye nyumba wengine walimfukuza kwa joto na kelele. Mama Araksi alimkabidhi ufunguo. "Mume wangu aligonga nyundo humo miaka yote," alisema. "Feni zako zitanifanya nini?"

Jenereta ya mtaa haikuweza kubeba kompyuta zile pamoja na jengo zima. Kwa hiyo kila saa ya mgao, umeme wa serikali ulipokaribia kukatika, Sevan, akiwa juu jikoni kwa Mama Araksi, alizitumia amri kwa laptopu: zimeni. Lakini wiki ile ya kwanza, jenereta ikishika tu, swichi kuu inaanguka, na oksijeni inanyamaza.

"Mashine zako zina kichwa kigumu, dada," alisema Garo, mwenye jenereta. "Zimejifunza kwako."

"Zinanijibu kwamba zimezima, Garo."

"Hata mawaziri hujibu."

Sevan alikagua nywila, ruhusa, nyaya za mtandao. Hakuona kosa. Alhamisi akaamua kutuma amri akiwa karakanani, azitazame usoni. Zikazima moja baada ya nyingine, hadi akasikia maji yakitembea kwenye mabomba. Akacheka peke yake. Umeme wa serikali ukaondoka, giza likapita kama kupepesa kope, jenereta ikashika, na feni zote zikaanza kuvuma bila kuambiwa na mtu.

Hapo akajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyezipanga, zamani, ziwake kila umeme unaporudi. Nani mjini hakufanya hivyo? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha tuliahidiwa umeme usiokatika. Tukaahidiwa tena kila uchaguzi, na hatujasahau hata ahadi moja. Tumezoea kuudaka umeme ukipita. Kompyuta zilitii amri ya Sevan, kisha zikatii mazoea yetu.

Swichi kuu ikaanguka. Sevan akazima swichi ya karakana, akapanda ngazi mbio. Kila ghorofa milango ilikuwa wazi.

"Ni pasi yangu! Nimeizima!"

"Friji yangu, nimeshachomoa!"

Kinyozi wa ghorofa ya tatu alisimama na povu mkononi. "Nimezima kila kitu, Garo! Pandisha!"

Kila mmoja alidhani mkosaji ni yeye. Katika ofisi zilizoula umeme wetu hajatokea hata mmoja wa kujishuku. Kwenye ngazi ile walijishuku wote.

Garo akapandisha. Mashine ya oksijeni ikakohoa, ikaanza. Mama Araksi, midomo imemgeuka bluu, akamtazama Sevan anavyohema. "Kaa upumue, mwanangu."

"Ni kompyuta zangu, Mama. Si pasi, si friji."

"Basi kawaambie wawashe friji. Nyama zitaoza."

Akawaambia, mlango kwa mlango. Hakuna aliyemtukana. "Kumbe nimemwacha mtu na ndevu nusu bure!" kinyozi akasema, akashuka naye. Mpangilio ule haubadilishwi kwa mbali. Sharti uchomeke skrini na kibodi, uufikie kabla kompyuta haijaamka. Kinyozi akabeba skrini, mama wa pasi akabeba kibodi, wakaenda mashine kwa mashine, wakiwasha moja tu kwa wakati. Sevan alisema asante hadi mama wa pasi akamwambia, "Inatosha, dada, utamaliza oksijeni ya jengo."

Kesho yake amri ikaenda, umeme ukakatika, jenereta ikashika. Karakana kimya. Kisha kutoka juu, kijiko kikagonga bomba: Mama Araksi anapumua. Sevan akaweka kiganja kwenye bomba, akakiacha hapo.

Basi wewe mwenye picha ya nyaya, inuka sasa hivi. Gonga kila mlango wa jengo lako, umjue anayepumua kwa waya wako. Kisha shukeni wote, mkagonge mlango wa walioahidi umeme, na msiondoke.