Cheni ya Mtani

Fundi Abbasi wa Gongoni alikuwa na wivu, na tuliseme mapema lisije likatukwama kooni. Wala haukuwa wivu wa mke. Mwanahawa, mkewe, alikuwa ametulia na maandazi yake na hakumpa sababu hata ya kukunja uso. Abbasi alimwonea wivu fundi mwenzake, kijana wa Igunga aitwaye Ngollo, na walichogombea ni mteja. Mteja mwenyewe hakujua kama anagombewa.

Mteja huyo ni Nasri, Mzaramo aliyekuja Tabora kutembea, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Nyumba yake na ya Abbasi zilitenganishwa na ukuta mmoja mfupi wa ua, na juu ya ukuta ule matusi yalivuka kila asubuhi kabla ya chai. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na hawa wawili waliuchukua utani kama kazi ya kuajiriwa.

"We Mnyamwezi!" Nasri angeita. "Babu yako alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwetu pwani, wewe spana tu inakutoa jasho!"

"Nyamaza, Mzaramo!" Abbasi angejibu, mswaki mdomoni. "Mlishauza mashamba yote mkacheza ngoma, sasa mmebaki kutuuzia maneno!"

Alipofariki baba yake Abbasi, Nasri alilishika jeneza mlangoni akaapa mzee haendi popote mpaka yeye apewe kanzu ya marehemu. Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka. Kanzu alipewa, na kila Idi anaivaa.

Lakini watu hawa walikuwa na mpaka wao, ingawa hawakuwahi kukaa wakaupanga. Jambo likiwa zito, neno "mtani" liliwekwa kando na mtu aliitwa kwa jina lake. Alfajiri moja, Nasri akiwa bado hana gari, mkewe Ummy alishikwa na uchungu wa kujifungua ukamwendea vibaya. Nasri aligonga ukuta akasema neno moja tu: "Abbasi." Abbasi alitoka na funguo za gari la mteja mkononi hata viatu hajavaa. Mtoto yule sasa yuko shule.

Basi Nasri alikuwa na gari la kukodisha, lile linalopeleka watu harusini na kurudi na ndoo za asali. Gari lake la zamani lilikuwa la mkanda, na mkanda ndio ulikuwa ufalme wa Abbasi. Ndani ya injini, vyuma vya juu na vya chini lazima vizunguke kwa kupatana, hiki kikipanda kile kikipishe. Na kinachovipatanisha ni ama mkanda wa mpira ama cheni ya chuma. Mkanda ni mpole lakini msaliti: unachakaa kimya kimya, na siku ukikatika haukuagi. Kwa hiyo unahitaji fundi anayejua wakati wake, anayesema leo gari halitoki, tunabadilisha. Abbasi alikuwa fundi huyo. Mji mzima ulimjua kwa mikanda, na hakuna mkanda wa Nasri uliowahi kukatikia njiani.

Kisha akaja Ngollo, akafungua gereji kwenye njia ya kwenda Kwihara, na mashine ya kupimia magari yenye kioo kinachowaka. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Watu wakahamia huko mmoja mmoja, na Abbasi akavumilia, mpaka siku aliyomwona Nasri amekaa kwenye benchi la Ngollo, kakunja nne, anacheka mpaka anajipiga mapaja.

"Nauza hili gari, mtani," Nasri alimwambia jioni ile juu ya ukuta. "Ngollo kanipatia jingine, la cheni. Cheni haifi! Mambo ya kubadilisha mikanda kama nepi za mtoto nimechoka."

"Cheni nayo ni chuma, na chuma kinalika," alisema Abbasi. "Ukiichelewesha oili inalegea."

"Wivu huo!" alisema Nasri, akacheka, akaingia ndani.

Na kweli ulikuwa wivu. Abbasi alijua cheni ni kitu kizuri, ukiitunza inaweza kuishi na gari mpaka mwisho. Lakini kila aliposikia neno hilo alihisi ametukanwa, na si kwa utani. Asali ya masega kutoka Urambo, ambayo Nasri alikuwa akimletea yeye kila msimu, sasa iliteremkia kwa Ngollo. Gari jipya lilipita mbele ya gereji yake likipiga honi bila kusimama. Hayo yote angeyameza. Lililomkaba ni kwamba Ngollo ni Msukuma, na Msukuma naye kwa Mzaramo ni mtani. Siku moja barabarani Abbasi alisikia Nasri akipaza sauti, "We mtani, mla michembe ya viazi!" Akageuka haraka, tabasamu tayari usoni, jibu tayari ulimini. Kumbe aliyeitwa ni Ngollo, upande wa pili wa barabara.

"Una wivu kama mke mwenza," Mwanahawa alimwambia usiku huo. "Tena mke mkubwa."

Abbasi alikuwa anahesabu makosa ya Ngollo.

Masika yakapita. Asubuhi moja, Abbasi akitawadha uani, Nasri aliliwasha gari lake upande wa pili wa ukuta, na Abbasi akasikia kitu. Krrrrr. Mlio wa chuma, mfupi, kama mtu aliyetikisa misumari ndani ya kopo. Mara ukanyamaza na injini ikanguruma vizuri. Abbasi alibaki na maji mkononi. Kesho yake akaamka mapema makusudi, akasikia tena.

Aliujua mlio ule. Cheni imelegea. Usiku kucha oili inashuka chini, na asubuhi injini inapoamka, cheni inapigapiga kabla oili haijapanda kuishika. Mkanda hufa kimya, cheni humlilia mwenyewe kwanza. Lakini inalia asubuhi tu, injini ikiwa baridi. Nasri hakuisikia kwa sababu alikuwa na redio yake ya taarabu. Ngollo hakuisikia kwa sababu gari lilimfikia limeshapata moto. Duniani kote sikio lililoisikia lilikuwa la Abbasi peke yake.

Na alifurahi. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alifurahi kama mtu aliyeletewa habari ya urithi. Kila asubuhi alisimama karibu na ukuta kuisikiliza, na kila mlio ulipozidi kidogo, chai yake ilizidi utamu. Cheni haifi, eti.

Lakini Abbasi hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Furaha ilianza kumchoma. Nasri hakuwa na shamba wala duka. Gari lile ndilo lililolisha nyumba, na kulinunua aliongezea hata ng'ombe wa urithi wa Ummy. Cheni ikiruka meno, pistoni zitagonga valvu, na injini itakuwa ya kupimwa kwenye mizani ya chuma chakavu. Abbasi akaamua kumwambia.

Alimwambia barazani penye kahawa, watu wamejaa.

"Mtani," alisema, kikombe mkononi, "cheni yako inalia asubuhi kama mwari anayetolewa nje. Ipeleke ikafungwe mpya kabla haijakuacha njiani."

Baraza zima likacheka. Nasri naye akacheka. Kisha akamtazama Abbasi usoni, kikombe kimesimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Abbasi alijua anachosubiri. Lingetosha jina moja.

"Mtani," alisema Abbasi, "wewe nunua tu sanda. Gari nitaliosha mwenyewe."

Kicheko kilipasuka upya. "Mnamsikia huyu?" Nasri alisema akifuta machozi. "Mikanda imemwozea stoo, sasa anaiua cheni ya watu kwa mdomo!"

Abbasi alirudi nyumbani mwepesi. "Nimeshamwambia," alimwambia Mwanahawa, ambaye alikuwa anazijua habari zote za ule mlio.

"Umemwambiaje?"

Akamsimulia. Mwanahawa aliendelea kukanda unga, kisha mikono ikasimama.

"Ulimwita nani?"

"Mtani," alisema Abbasi.

"Basi hujamwambia," alisema Mwanahawa.

Maneno hayo yalimfanya Abbasi aamke alfajiri ameshakata shauri. Gari lilipowashwa, mlio ulikuwa mrefu kuliko siku zote. Aliufuata ukuta mbio, akashika juu yake kwa mikono miwili, akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi.

"We Mnyamwezi, unachungulia nini?" Nasri alisema akipakia viti. Alikuwa anakwenda Urambo kuchukua watu wa harusi. "Nina haraka. Nampitia kwanza mtani wangu Ngollo nimwachie asali yake, jana nilisahau."

Asali yake. Mtani wangu. Abbasi aliuachia ukuta.

"Safari njema, mtani," akasema.

Gari lilirudi siku hiyo hiyo alasiri, likivutwa kwa kamba na lori la tumbaku, na watu wa harusi wakiwa wamekaa juu ya marobota na nguo zao nzuri. Hakuna aliyeumia. Cheni iliruka wakiwa porini, injini ikapiga kelele moja, ikazima, na Nasri akalisukumia gari pembeni kwa usukani uliogeuka mzito. Lori lilipofika njia panda, dereva aliuliza wapi. Nasri hakuelekeza kwa Ngollo. Alielekeza kwa Abbasi.

Walikusanyika watu wa mtaa na watu wa baraza. Ngollo mwenyewe alikuja kwa pikipiki, akasimama nyuma, mikono kifuani. Abbasi alifungua kava, na mambo yalikuwa yale yale aliyoyaona kichwani mwake miezi ile yote: cheni imelala upande, meno yamelika, na hedi, kichwa cha injini, ilipotoka, valvu zimepinda zote.

"Nilipima kila kitu," Ngollo alisema kwa sauti ya chini. "Kwangu haikulia hata siku moja."

"Si kosa lako," alisema Nasri. Kisha akageukia watu, akaweka mkono wake begani kwa Abbasi. Macho yalikuwa mekundu, lakini meno yalikuwa nje, kwa sababu Nasri hakujua kulia bila kuchanganya. "Kosa ni langu. Huyu aliniambia! Mbele yenu, barazani, aliniambia, na mimi nikacheka. Kuanzia leo gari langu haligusi mkono wa mtu mwingine. Huyu ndiye rafiki."

Watu wakaitikia. Mtu mmoja akasema mzee ni mzee tu, mwingine akasema atamletea na lake. Ngollo akainamisha kichwa. Kila kitu ambacho Abbasi alikilalia njaa kililetwa siku ile, kikawekwa mezani, na yeye akaambiwa ale.

"Nilikuwa najua, mtani," alisema Abbasi. "Nilikuwa nasikia kila siku na nilikuwa nafurahi."

Wakaangua kicheko, Nasri mbele yao. "Mnyamwezi huyu! Hata kwenye msiba haachi!"

Angeweza kuishia hapo. Alikwishasema, mbele ya watu, na watu walikwishacheka. Hata Mungu angeweza kuambiwa amekiri. Mkono wa Nasri ulikuwa bado begani kwake, mzito na wa moto.

"Nasri," alisema.

Kicheko cha Nasri kilikatika. Wengine waliendelea kidogo, kisha nao wakaacha bila kujua kwa nini.

"Nasri, siku ile barazani nilikuona unasubiri. Na jana, hapana, leo asubuhi, nilikuja ukutani kukuambia. Ukamtaja Ngollo. Nikanyamaza."

Mkono ulitoka begani taratibu. Nasri alimtazama, akatazama zile valvu zilizopangwa juu ya gunia, akamtazama tena. Hakutukana. Abbasi alisubiri tusi kama mgonjwa anavyosubiri maji, na halikuja. Nasri aliokota ufunguo wake wa gari, akaufuta kwa shati, akaondoka kwa miguu.

Asubuhi iliyofuata Abbasi alikuwa uani mapema, mswaki mdomoni. Upande wa pili alisikia maji, akasikia ndoo, akasikia kikohozi anachokijua. Kisha kichwa cha Nasri kikatokeza juu ya ukuta.

"Asalaam aleikum, Fundi Abbasi," alisema. "Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

"Aleikum salaam," alijibu Abbasi. "Hatujambo."

"Alhamdulillahi. Ile injini naomba uitazame ukipata nafasi. Ahadi yangu iko pale pale, kazi ni yako." Akashusha kichwa kwa heshima.

Abbasi alibaki amesimama, povu la dawa likimkauka mdomoni. Ndipo pikipiki ikasimama nje ya geti la Nasri, na sauti ya Ngollo ikauliza kama wenyewe wapo, amekuja kusaidia kutafuta injini nyingine.

"We Msukuma!" Nasri aliunguruma kutoka ndani. "Gari umeniulia, sasa umefuata uji?"

Ngollo akamrudishia, na vicheko vyao vikavuka ukuta. Abbasi akasogea, akausikiliza utani ule mpaka ulipokwisha.