Zulia Lililomjibu Sabira

Theluji ya kwanza ilipoanguka mjini Bishkek, mama yake Dooronbek alipiga simu kutoka kijijini Kochkor kusema anakuja kuwaona. Dooronbek alifurahi mpaka alipogeuka akaliona zulia sebuleni. Hapo furaha ikamkauka.

Lilikuwa zulia la sufu iliyoshindiliwa, jekundu kwa jeusi, lenye mapambo ya pembe za kondoo dume. Mama yake alilishona kwa mkono majira yote ya baridi, akampa Gulsun, mke wa Dooronbek. Na Gulsun alikuwa amelifumua.

Si lote. Alifumua pindo la upande mmoja tu, apitishe waya katikati ya matabaka mawili ya sufu. Kisha kando ya kila pembe akashona nyuzi mbili za shaba, nyembamba kama nywele.

Mchana Gulsun aliuza dawa katika duka la dawa. Jioni, akishaosha vyombo, alijifungia kwenye balkoni ya vioo akalehemu. Hakusomea popote. Alianza kwa kufungua redio iliyokufa, akaja na taa iliyowaka ukiipulizia, kisha birika lililoguna kila mtu alipopita. Dooronbek, dereva wa basi, hakuwahi kuelewa faida ya birika linaloguna. Lakini alipenda kumtazama mkewe kazini: alivyobana pumzi tone la risasi likiyeyuka, alivyorudia kiungo kibaya bila kununa, tena na tena, mpaka king'ae.

"Umefumua mshono wa mama," alimwambia siku alipogundua. "Mshono wa mama, Gulsun!"

"Nimeushona tena."

"Atauona hata gizani."

Gulsun alifikiri kidogo. "Basi tuelewane. Mama akiumia, natoa waya zote na zulia nalirudisha lilivyokuwa. Balkoni nakuachia, uweke viazi vyako. Silehemu tena."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana Dooronbek aliamini. Mkewe hakuwa mtu wa kuvunja neno. Naye alikuwa ameililia balkoni ile kwa miaka, maana viazi vilimgandia kila baridi kule chini ya jengo. Sasa alipopewa, hakuitaka.

Toktobubu, mama yake, alifika Jumamosi na gunia la viazi. Gulsun alimwinamia mkwewe kwa heshima, akamvua koti. Mama akaacha viatu mlangoni, akapita juu ya zulia kwenda kukaa mahali pa heshima, mbali na mlango, huku amevaa soksi za sufu nene kama mikate.

Zulia, lililotakiwa kutoa sauti likikanyagwa, likanyamaza kimya.

Dooronbek alimtazama mkewe, akaona rangi imemtoka.

"Soksi," Gulsun alinong'ona. "Nilijaribu kwa miguu mitupu. Linataka ngozi. Nani atatembea peku mbele ya wakwe?"

"Mnasemaje?" mama akauliza.

"Chai, mama. Naleta chai."

Dooronbek alijiambia kwamba hivi ndivyo vizuri: mama atakunywa, atalala, atarudi Kochkor bila kujua. Kisha akamwona Gulsun, macho chini, akimimina chai nusu bakuli, kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima, akatambua kuwa hajafarijika hata kidogo.

Toktobubu alipokea bakuli, akaliweka chini. Akafanya kile anachofanya kila mwanamke wa Kochkor akikaa juu ya zulia: akapitisha kiganja kwenye mshono wa pembe moja ya kondoo, kuhisi kama umelegea.

Maji yakasikika yakimiminika.

Akaondoa mkono. Maji yakakoma. Akagusa tena, maji. Akasogeza kiganja pembe ya pili, zikasikika fimbo zikipiga sufu. Pembe ya tatu ikacheka kicheko cha wanawake wengi, kisha sauti moja ikapaa: "Toktobubu, kaza mikono! Unaviringisha sufu au unabembeleza mtoto?"

"Sabira!" Mama aligeuka kuutazama mlango, akidhani jirani yake ameingia. "Yuko wapi huyo?"

"Yuko kwake Kochkor, mama," Gulsun alisema, akipiga magoti. "Ni kiangazi kile mlipokuwa mnaviringisha sufu ya zulia hili. Simu yangu ilikuwa inarekodi."

"Na mimi nilimjibuje?"

Gulsun alionyesha pembe iliyofuata. Mama akaigusa, akajisikia mwenyewe: "Nyamaza wewe! Sufu ya hema lako ina matundu, mumeo anahesabu nyota akiwa kitandani!"

Toktobubu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Mkono wake uliendelea kutembea, pembe hadi pembe, ukafika kwenye pindo. Ukasimama.

"Hapa pamefumuliwa."

"Nimefumua mimi, mama," alisema Gulsun. "Waya hazikuwa na njia nyingine."

"Mama, yeye hakukusudia..." Dooronbek akaanza.

"Wewe nyamaza. Shona kwanza hicho kifungo cha shati lako kinachoning'inia."

Akavaa miwani, akalipindua pindo, akalisogeza dirishani. Alikagua kila mshono polepole. Alivuta uzi wa shaba kwa kucha, akafuata ulikopita mpaka kwenye kiungo cha risasi, akakigusagusa kwa kidole gumba.

"Hiki umekifanya wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kimetulia." Akavua miwani. "Mkono wako mzuri, mwanangu. Uzi wako wa kushonea ndio mbovu. Huu wa dukani utakatika. Nitakuletea uliosokotwa kwa sufu. Na hufumui tena kitu changu, umenisikia? Mwakani unakuja na shaba yako kabla hatujashona."

"Mwakani?" Sauti ya Gulsun ilikuwa ndogo.

"Sabira akisikia tuna zulia linalomtukana mbele ya wageni, unadhani atalala? Atataka la kwake linitukane mimi."

Kisha Toktobubu, ambaye Dooronbek hakukumbuka kumwona peku tangu utoto wake, akavua soksi na kumtupia mwanawe. "Shika. Na hilo gunia usiliweke kwenye balkoni, mwenzako anafanyia kazi pale."

Dooronbek alitia soksi mfukoni, akabeba viazi kwenda navyo chini. Kwenye ngazi alimsikia Sabira akipaza sauti, kaza mikono, na mama akimjibu kabla ya zulia.