Kibibi Hajaitwa Kuoga

Usiku wa jana niliota nafanyiwa usaili na mbuzi mwenye upande mmoja.

Nilimjua. Nilimchora mwenyewe, upande wa kushoto, nikasema wa kulia nitamalizia baadaye. Ni mbuzi wa kwenye gemu langu la kombolela, lile nililotakiwa kulipeleka asubuhi kwenye kampuni ya magemu ili waniajiri. Watoto wanajificha, mmoja anawatafuta huku analinda kopo. Anayekamatwa anasimama ukutani. Aliyejificha akitokea akalipiga kopo teke, wote wanakuwa huru. Gemu zuri, ila lilikuwa haliishi. Mtoto mmoja, Kibibi, akishajificha haonekani tena mpaka uzime kompyuta. Nilihangaika naye mpaka nikamchukia.

"Una uzoefu?" anauliza mbuzi. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, na hageuki, kwa sababu akigeuka anatoweka.

"Sina. Nimesomea uhasibu."

"Si neno. Mimi sina mbavu za kulia na nipo kazini."

Juu ya paa la jirani kuna jua, limekaribia kuzama. Kwenye gemu niliandika jioni tu; usiku ulinishinda.

"Samahani dada," linasema jua. "Mimi nazama lini? Nimekaa hivi tangu Pasaka. Shingo inaniuma."

"Jua halina shingo."

"Hukunipa. Inauma hivyohivyo."

Mbuzi anakohoa. "Swali la mwisho. Kibibi yuko wapi?"

"Sijui."

"Basi kamlete. Ukishindwa, rudi ukauze misumari kwa mjomba wako."

Hapo niliogopa kweli, maana mjomba ameshanishonea koti la kuvaa dukani kwake, la bluu, na jina langu limetariziwa kifuani. Siitaki misumari. Tangu nimepata akili nimetaka kitu kimoja tu, kutengeneza magemu, na nyumbani wote wanangoja nichoke.

Nikaenda ukutani kuwauliza waliokamatwa. Wamejipanga, wanachezesha miguu.

"Dada, tumebanwa mkojo," anasema wa mbele.

"Nendeni chooni."

"Hukuweka choo."

"Basi kojoeni hapohapo."

"Hukuweka mkojo pia. Uliweka kubanwa tu, ili tusisimame kama milingoti."

Ni kweli, niliweka, na siku ile nilijisifu sana. Nikaegemea ukuta nifikiri. Nikapita katikati yake.

"Pita tu," ukasema ukuta. "Wote wanapita. Mimi nilidhani nimeajiriwa kama rangi."

Nikaangukia sebuleni kwetu, Tanga. Mama anatandika vitambaa kwenye makochi. Chini ya meza kuna kopo langu la maziwa ya unga, lile la kwenye gemu, limenuna.

"Sijapigwa teke hata siku moja," linasema kopo. "Unajua watu wanavyoniangalia?"

"Nani yuko ndani yako?"

"Muulize mwenyewe."

Nikainama. Ndani, gizani, kuna macho mawili ya mraba.

"Kibibi, toka. Nina usaili."

"Sitoki," anasema Kibibi. "Uliandika nijifiche, mtu asinione. Wewe si mtu?"

"Ni mtu."

"Basi ondoka, unaniharibia."

"Lakini umejificha miezi yote hii."

"Hukuandika mpaka lini. Nilikuwa nakusikia unakula chapati, unacheka na simu. Nikajua umenisahau, ila sikuruhusiwa kulia. Anayelia anasikika."

Niliona haya. Nikamwomba radhi, nikamsihi atoke nisikose kazi, akazidi kujikunja ndani ya kopo. Kujificha alikuwa anakujua kuliko nilivyomfundisha.

Mama ameshika kitambaa, anatuangalia. "Mtoto wa nani huyo?"

"Wangu, mama. Nimemwandika."

"Bila kuniambia."

"Nilidhani hutapenda."

Mama akakikung'uta kitambaa. "Huo mchezo unaishaje?"

"Hauishi. Ndiyo shida."

"Ninyi mlikuwa mnaachaje?"

Nikafikiri. Hatukuwahi kuacha. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyewahi kuacha kombolela kwa hiari yake.

"Ulikuwa unatuita," nikasema.

Mama akaweka kitambaa chini. Akaenda mlangoni, akashika kiuno, akavuta pumzi.

"We Kibibi! Njoo uoge!"

Jua likazama palepale, bila hata kuaga. Watoto wa ukutani wakatawanyika, kila mmoja kwao. Kibibi akatoka kwenye kopo, mdogo, vumbi mpaka masikioni. Alipolipita akalipiga teke, likagonga kabati.

"Ahsante," likasema kopo.

Kibibi akaelekea bafuni. Hakunitazama. Alikuwa ameshaitwa, hakuwa na muda na mimi. Mbuzi akachungulia dirishani akasema kazi nimepata, kisha akageuka kuondoka, akatoweka.

Nikaamka. Kumekucha, usaili ni leo. Nikakimbia na simu mpaka jikoni, nikamkuta mama anapika uji.

"Mama, hebu ita mtoto aje kuoga."

"Mtoto yupi?"

"Kibibi. Ita tu, narekodi."

Nilitegemea anitajie misumari. Mama akafuta mikono, akashika kiuno, akaita mpaka jirani akaitikia. Nikasikiliza. Sauti ndiyo ile.

"Inatosha?" akauliza.

"Inatosha, mama."

"Ukaipate hiyo kazi. Halafu wageni wako wakioga, waambie wafute miguu. Nimemaliza kudeki sasa hivi."

Nikatazama sakafu. Nyayo ndogo za maji zimetoka bafuni, zimepita sebuleni, zimeingia chumbani kwangu mpaka chini ya meza ya kompyuta. Kila unyayo una pembe nne.