Sahani Iliyoandikwa MAMA

Katika maabara ile sahani zilikuwa na mama, tena zilikuwa na mabinti. Mama ni sahani ya kwanza, yenye maji yaliyoletwa moja kwa moja kutoka bwawani au mtaroni. Mabinti ni sahani zinazochotwa kutoka kwake, tone kwa tone, ili mama akiharibika ukoo usipotee. Mtu wa mle ndani akiambiwa kwamba mama wa kumi na moja ameoza na mabinti wake wana njaa, hashtuki. Anatafuta punje ya mchele na kuitumbukiza. Bakteria wanaota kwenye mchele, amiba wanawala bakteria, na kazi inaendelea.

Fundi wa maabara aliitwa Mama Pacha, kwa ajili ya wanawe. Alikuwa na stashahada moja, miaka kumi na tisa kazini, na mwandiko uliosomeka hata kwenye kibandiko chenye upana wa kidole. Sahani zote zilikuwa mikononi mwake. Ukimrudishia pipeti chafu, kutwa nzima usingeongeleshwa.

Jumatano asubuhi Dokta alimwekea mezani kurasa kumi na mbili.

"Nisomee kabla sijazipeleka kwenye jarida Ijumaa," alisema. "Wewe ndiye unayeniondolea koma."

"Koma zako nyingi kuliko amiba, Dokta."

Dokta alicheka kidogo, akarudi kwenye hadubini yake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu. Kwa miaka thelathini alikuwa amekaa kwenye kiti kile akiwatambua amiba ambao watu wengine walishawapa majina. Huyu aliyemo katika kurasa hizi hakuwa na jina bado. Alikuwa wake, wa kwanza, na kwa hesabu ya wiki tatu hizo, wa mwisho.

Mama Pacha alimfahamu vizuri amiba yule. Miezi minane alikuwa amemlisha. Amiba hana sura ya kushikika. Ukimchora, kabla hujanyanyua kalamu ameshakuwa mwingine. Kwa hiyo wanaotenganisha spishi moja na nyingine hupima ukubwa, huhesabu viini, hulinganisha vinasaba, na zaidi ya yote huangalia mwendo. Huyu alitanguliza ukingo mpana, mwangavu, akaburuta nyuma nyuzi nyembamba kama pindo lililofumuka. Akitaka kugeuka, hakugeuka tu kama wenzake. Alisimama kwanza, akajikusanya akawa duara, akatulia, kisha akarudi alikotoka, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha jikoni.

Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akifuta koma. Ukurasa wa nne ulikuwa na picha ya sahani mama. Chini yake iliandikwa kwamba sahani ile ilikuwa na maji ya bwawa lililo nyuma ya kiwanda cha ngozi, sampuli ya kumi na nne. Kwenye kibandiko neno MAMA lilikuwa kwa penseli, mwandiko wake mwenyewe. Pembeni, kwa wino mwekundu, mkono wa Dokta ulikuwa umeandika 14. Kisha tarehe.

Aliitazama tarehe ile mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa siku aliyorudi kazini kutoka msibani. Asubuhi yake alikuwa amepita makaburini. Kaka yake alikuwa ameuweka kaburini mtungi wa maji wa marehemu, ule uliokaa kwenye kona ya jiko miaka yote, ili utiwe maua. Maua yalikuwa yamenyauka na maji yalikuwa ya kijani. Mama Pacha alikuwa na kichupa ndani ya mkoba, kama kawaida yake, na mkono ulichota wenyewe. Alipofika kazini aliyamimina maji kwenye sahani, akaandika kibandiko bila kufikiri, akaiweka rafuni. Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kusukumwa tu na saa. Aliisahau, na alipoikuta ina namba akailisha kama nyingine zote.

Alikwenda kabatini akachukua daftari la sahani. Mstari ulikuwepo, kwa mwandiko wake: *Mama wa 14 ameoza. Amemwagwa.* Wiki moja kabla ya tarehe ya kwenye picha.

Angeweza kunyamaza. Hakujidanganya juu ya hilo. Dokta angepeleka kurasa zake Ijumaa, angeagwa kwa keki, angeondoka na spishi moja yenye jina alilolitoa yeye. Nani angekwenda kuuliza maji ya bwawa? Lakini jibu alilijua: yupo atakayekuja. Miaka kumi ijayo mtu ataisoma karatasi hii, atakwenda nyuma ya kiwanda cha ngozi na ndoo, na atachota mpaka mgongo umpinde akimtafuta amiba ambaye hajawahi kuishi pale. Yeye Mama Pacha angekuwa ndiye aliyempeleka.

Alikaa na jambo hilo mpaka saa nane. Kisha akavuta kiti akaketi karibu na Dokta.

"Dokta, huyu hakutoka bwawani."

"Nani?"

"Amiba wako. Mama wa kumi na nne nilimmwaga mwenyewe, wiki moja kabla. Daftari hili hapa."

Dokta alisoma mstari, akainua macho. "Lakini sahani imeandikwa mama."

"Ni ya mama."

"Ndiyo. Sahani mama."

"Ya mama yangu, Dokta. Aliyenizaa. Maji ya mtungi wa kaburini kwake."

Dokta alivua miwani. Aliipangusa kwa pindo la koti jeupe, upande mmoja, halafu wa pili, halafu ule wa kwanza tena.

"Namba niliandika mimi," alisema. "Rafuni pengo la kumi na nne lilikuwa tupu, na jirani yake ile sahani haina namba. Nikasema huyu ametoka msibani, amesahau namba. Sikutaka kukuuliza. Niliona ni vibaya kukusumbua kwa namba."

"Ungenisumbua."

"Sasa naona."

Feni ilizunguka ikipeperusha kona za kurasa kumi na mbili.

"Tusahihishe tuandike kaburini," Mama Pacha alisema.

"Kwa ushahidi gani? Sahani yenye miandiko miwili, ya kwako na ya kwangu, na yote miwili imekosea. Ingeletwa mbele yangu mimi mwenyewe nisingeikubali." Alivaa miwani. "Lazima tumpate tena, akiwa hai, mahali penyewe. Mtungi uko wapi?"

"Kaka alipojengea kaburi saruji ulikosa pa kukaa. Uko kwa mama mdogo."

"Una maji?"

"Una vitunguu."

Alhamisi Mama Pacha aliomba ruhusa akaenda. Mama mdogo, aliyemfuata marehemu kuzaliwa na sasa alikuwa peke yake kati ya ndugu wale, alikuwa amekaa kibarazani akichambua mboga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Au ni hilo gauni."

"Ni gauni."

"Basi libadilishe. Kaa."

Alikaa, akaeleza yote bila kuzungusha. Mama mdogo alisikiliza huku vidole vikiendelea na mboga.

"Yaani umekuja kutafuta wadudu wa dada yangu."

"Si wadudu, mama mdogo."

"Wana miguu?"

"Wanajitengenezea wakiitaka. Kisha wanairudisha mwilini."

"Basi ni wadudu wenye maringo." Aliweka ungo chini. "Na mtungi nimeusugua kwa mchanga na sabuni, ndani na nje. Ulitaka niweke vitunguu kwenye ukoga?"

Mama mdogo alimtazama usoni, akainuka, akaingia ndani, akarudi ameukumbatia mtungi. Alivimwaga vitunguu sakafuni.

Ulikuwa safi. Mama Pacha alipitisha kidole ndani, hakupata kitu ila harufu ya kitunguu. Aliupindua, akatazama kitako. Safi. Aliuzungusha mpaka alipofika kwenye ufa. Ulianzia mdomoni ukashuka kiasi cha shubiri, na marehemu alikuwa ameuziba kwa saruji kutoka ndani, kwa mkono wake. Kwenye saruji ile dole gumba lilikuwa limebaki, mistari yake yote, kama muhuri. Kingo za kiraka zilikuwa zimeachia. Maji yalikuwa yamepenya nyuma yake, na palipokauka paliacha mstari wa kijivujivu.

Amiba akikaukiwa hujiviringisha, hujijengea ganda, hulala. Anaweza kulala miaka. Kama wapo, wako nyuma ya kile kiraka, ambako mchanga na sabuni havikufika. Na kiraka hakingetoka bila kubanduliwa.

"Niliwahi kumwambia anunue mpya," mama mdogo alisema. "Akasema mitungi mipya inanuka duka."

"Nikikibandua hautashika maji tena."

"Tangu lini vitunguu vinataka maji?" Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Alilitazama lile dole kwa muda. "Dada yangu angesema nini?"

Mama Pacha alifikiri. "Angeuliza kama nimekula."

"Hivyo tu."

"Halafu angesema mtu akipotea njia kwa kuelekezwa vibaya, dhambi ni ya aliyeelekeza."

Mama mdogo alinyoosha mkono. "Lete kisu. Nitakibandua mimi."

Aliingiza ncha ya kisu chini ya kiraka, akakisukuma taratibu, huku na huku, kama mtu anayemvua mtoto kiatu akiwa usingizini. Kilitoka kizima. Nyuma yake palikuwa na gamba jembamba, kavu, rangi ya uji uliogandia sufuriani. Mama Pacha alilikwangua likaingia katika kichupa safi. Safari hii aliandika kibandiko palepale kibarazani, kabla ya kufunga kifuniko vizuri: mtungi, ufa, kaburi lilipo, siku, saa, jina lake.

Mama mdogo alikifunga kipande cha saruji katika kitambaa, akakitia kifuani.

Ijumaa ilipita, kurasa hazikwenda popote. Mama Pacha alitia gamba katika maji yaliyochemshwa yakapoa, akatumbukiza punje moja ya mchele, akafunika. Siku ya pili hapakuwa na kitu. Siku ya nne kulikuwa na bakteria tu. Dokta alikuja kila asubuhi, akainama juu ya hadubini, akainuka, akaenda kupanga vitabu vyake katika maboksi. Siku ya saba alisema, "Huenda sabuni ilipenya," Mama Pacha akamjibu, "Huenda," basi.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, kulikuwa na mmoja.

Hakumwita Dokta mara moja. Alimtazama yule amiba akitanguliza ukingo wake mwangavu na kuburuta nyuzi. Alifika kwenye chembe ya mchele. Alisimama. Alijikusanya akawa duara, akatulia hivyo kwa muda mrefu. Kisha akarudi alikotoka.

"Dokta."

Alimwachia kiti. Dokta aliinama, akakaa hivyo mpaka shingo ikamuuma.

"Ndiye," alisema.

Hakuinuka. "Itabidi tuanze upya. Vipimo, michoro, vinasaba. Miezi mitano, sita. Mimi nina siku kumi na mbili."

"Utakuja kama mgeni. Utasaini kitabu cha mlangoni kama wengine. Koti nitakuwekea."

Dokta alitikisa kichwa kukubali, jicho bado kwenye hadubini. "Na jina? Naweza kumpa jina la mama yako. Inaruhusiwa."

"Mama yangu alikuwa akimwaga maji ya moto juu ya sisimizi," Mama Pacha alisema. "Asingependa. Mpe jina la ufa."

"La ufa, basi." Alivuta kurasa, akatafuta ule wa nne, akakata mstari wa bwawa kwa kalamu yake nyekundu. "Ametolewa wapi? Nitajie, niandike."

Mama Pacha alimtajia, polepole, neno kwa neno, na kila Dokta alipofupisha alimrudisha aandike yote. Walipofika mwisho, alichukua sahani mpya na kuchota tone la kwanza la kumtengea binti. Penseli ikabaki hewani juu ya kibandiko cha sahani mama. Neno moja lisingetosha tena. Aliandika yote aliyotaja kuzunguka ukingo wote wa sahani, herufi ndogo ndogo, mpaka mwisho wa maandishi ukakutana na mwanzo wake, kisha akatafuta punje ya mchele.