Nyumba Yenye Nguo Mbichi

Kairo ina gavana, lakini gavana hajui nani kahama. Anayejua ni Wagdi wa ofisi ya wilaya, anayezunguka vichochoroni na daftari lake, akiandika nyumba ipi ina watu na ipi ni gofu la kubomolewa. Ofisi ina kanuni chungu nzima. Wagdi alishika moja tu, aliyorithi kwa waliomtangulia: ukiona nguo mbichi kwenye kamba, nyumba ina mtu, pita zako.

Kwa hiyo kwa miaka minne aliiandika nyumba ya Mama Ratib kuwa inakaliwa. Juu ya paa kanzu za galabia za bluu na shuka jeupe zilipepea polepole, kana kwamba mtaa mzima unapumua usingizini. Alizipenda nguo zile, na wala hakuona haya kuzikodolea macho.

Asubuhi moja ya vumbi, jua likiwa limefifia, alimwona Mama Ratib akishuka kwenye basi la kutoka Helwan na beseni la nguo zinazochuruzika maji.

"Mama, unahamia au unahama?"

"Bwana pasha, una macho ya mwewe wewe!" Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Nakaa kwa Ratib tangu mume wangu Metwalli afariki. Nafua kule, naanika hapa. Usiniandike vibaya, mwanangu."

Wagdi akaingia naye nyumbani, wakapanda. Ngazi zilimwaga mchanga kila walipokanyaga. Ghorofa ya pili haikuwa na sakafu. Njiwa walipita katikati wakielea kwenye mwanga. Hofu ikamshika, na aibu juu yake. Siku zote hizo kikongwe huyu alipanda humu ili kumridhisha yeye.

"Itakuangukia, Mama."

"Na iniangukie! Miaka arobaini na miwili nimekaa humu na Metwalli. Wakiivunja, atanitafuta wapi?"

Walipofika juu, minara ikiogelea kwenye vumbi, Wagdi alifungua daftari akaandika.

"Umeandika nini?"

"Gofu. Nisamehe, Mama."

Mama Ratib akaanza kuanua nguo za jana. Alipofika kwenye shuka, akamnyooshea Wagdi pembe mbili.

"Shika huko."

Wakalivuta, wakasogeleana, pembe kwa pembe, mpaka vidole vikagusana.

"Hivi ndivyo tulivyokuwa tunakunja," alisema. "Miaka minne naliviringisha peke yangu."

Wagdi akashindwa kuachia.