Tangawizi ya Abti Guled

Ukweli kwanza, kwa sababu umesemwa vibaya mjini: abti wangu Guled hakupika pombe. Alitengeneza kinywaji cha tangawizi chenye povu, na ikiwa Garissa nzima iliamini vinginevyo, kosa ni langu kwa asilimia tisini. Zile kumi zilizobaki ni za Eedo Zeinab, shangazi wa kila mtu, mwenye duka la vyakula karibu na stendi, aliyejaliwa masikio mawili na midomo isiyohesabika.

Guled ni ndugu mdogo wa mama yangu, ndiyo maana namwita abti. Ana miaka ishirini na sita, ana cheti cha utengenezaji wa vyakula kutoka chuo cha ufundi, na hana kazi. Jambo hilo la mwisho halikumnyima usingizi hadi alipomposa Weris. Weris mwenyewe alikuwa ameshakubali. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Olow wa Habaswein, naye alituma ujumbe mfupi: angekuja Garissa Jumatano kuuza ngamia kwenye soko la mifugo, na angependa kumuuliza kijana swali moja tu. "Unafanya kazi gani?"

Guled alifikiri siku tatu, kisha akapata jibu. Angetengeneza tangawizi ya chupa na kuiuza, na chupa ya kwanza angemfungulia Mzee Olow kwa mkono wake. Jumanne asubuhi akaniita. Shule ilikuwa imefungwa siku nne zilizopita, na mama alikuwa amenichoka tangu siku ya pili.

"Ilwad, wewe unasoma kemia, sivyo?"

"Nimefukuzwa maabara mara mbili, abti. Naijua kwa undani."

"Haye, twende sokoni. Nahitaji msaidizi."

Orodha yake ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mtu anayeoa: tangawizi mbichi kilo tatu, sukari, ndimu ishirini, hamira, jerikeni la lita ishirini, kipimajoto, mpira mwembamba wa kuhamishia kinywaji, kitambaa cha kuchujia, na chupa tupu zenye vifuniko vya kubana. Mimi nilipewa nusu ya kwanza. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake pekee katika habari hii yote.

Eedo Zeinab alipima sukari, akapima tangawizi, akaweka hamira juu ya meza, kisha akaishikilia.

"Naa, Ilwad. Hamira yote hii ni ya mikate ya anjera?"

Hapo nilikuwa na jibu la kweli, fupi na la heshima. Lakini mtu aliyekaa bwenini miaka mitatu hawezi kuulizwa swali kwa sauti ya namna ile akaacha nafasi ipite. Nikavaa uso ninaouvaa mbele ya mwalimu mkuu.

"Eedo, nimeapishwa."

"Umeapishwa nini?"

"Usiniulize. Ila leo usiku ukisikia harufu, funga dirisha, useme Mungu ni mwingi wa rehema."

"Subhanallah! Guled?"

Nikainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa, nikabeba mfuko, nikatoka. Neno pombe sikulitaja, na naomba hilo likumbukwe. Shuleni mzaha kama huo huishi dakika tano, watu wakacheka, ukafa. Sikujua kwamba mjini mzaha hupewa chai na kitanda cha kulala.

Nikamkuta abti kwenye duka la dawa la Bwana Muthui, ambaye kwao ni Mwingi.

"Mpira wa drip ninao," Muthui alikuwa akisema. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa," Guled akajibu kwa unyofu wake wote. "Nataka kuhamisha kinywaji kutoka kwenye jerikeni hadi chupani bila kuvuruga machicha."

Muthui akatazama kulia, akatazama kushoto, akapunguza sauti. "Kijana wangu, bibi yangu alitumia kibuyu tu. Lakini mimi sijasema kitu." Akaongeza mpira wa pili bure.

Kipimajoto alichokuwa nacho kilikuwa cha kwapani, kinachoishia nyuzi arobaini na mbili. Nilidhani abti angekikataa.

"Kinatosha," akasema. "Hamira huanza kufa pale pale anapofia binadamu."

Jerikeni lilituletea ugomvi. Guled alikuwa amekariri kwamba chombo lazima kioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Majerikeni ya dukani yalinuka plastiki, kwa hiyo tukaenda kwa Sadia, muuza maziwa ya ngamia, ambaye vyombo vyake ni visafi kuliko sahani za hospitali. Akatuchagulia moja zuri. Guled alipokuwa akieleza habari za dawa na vijidudu, Sadia alikuwa ameshaingiza vijinga vya moto ndani, amefunga kifuniko na anatikisa.

"Eedo, usifukize! Si la maziwa!"

"Chombo kisicho na moshi ni chombo kichafu," Sadia akasema bila kuacha kutikisa. "Mama yako hakukufundisha?"

Tukarudi nyumbani na jerikeni linalonuka kama boma la ngamia. Guled alisikitika njia nzima. Hata hivyo alitwanga tangawizi, akachemsha, akachuja, akapima joto kama muuguzi, akatia hamira, akafunika jerikeni kwa gunia bichi. Kufikia magharibi lilikuwa linanguruma lenyewe. Abti aliliwekea sikio akitabasamu.

Baada ya isha mama alirudi kutoka kwa jirani, na ushungi wake ulikuwa umekaa vibaya.

"Guled. Mbona nimeulizwa na wanawake watatu kama kweli ndugu yangu amefungua kiwanda cha pombe?"

Nikaeleza. Nilieleza kwa ufupi na kwa adabu, nikiwa nimesimama karibu na mlango. Nilitegemea kandambili kichwani, na nilikuwa tayari kuinama. Abti hakurusha kitu. Alikaa chini taratibu.

"Yule mzee ana swali moja, Ilwad," akasema. "Na wewe umeshanijibia."

Ningependelea kandambili.

Asubuhi akaamua kwamba hatungemngoja mzee nyumbani. Angekwenda sokoni kabla uvumi haujamfikia. Tukajaza chupa, tukazipanga kwenye ndoo ya barafu, tukaenda. Lakini uvumi ulikuwa umeamka mapema kuliko sisi. Tulipopita katikati ya mbuzi, dalali mmoja aitwaye Warsame alitunyooshea fimbo.

"Ndiye huyo! Mwenye kiwanda!"

Mzee Olow alikuwa amesimama kando ya ngamia jike na ndama wake. Ndevu zake zilikuwa nyekundu kwa hina, mikono imening'inia kwenye fimbo iliyolazwa mabegani. Alimtazama Guled kuanzia viatu.

"Wewe ndiye Guled?"

"Ndimi, adeer," Guled akasema, akimwita baba mdogo kwa heshima. "Asalaam aleykum."

"Waaleykum salaam. Unafanya kazi gani?"

Watu wakasogea karibu. Nadhani hata mbuzi walitaka kusikia.

"Natengeneza tangawizi, adeer."

"Siku hizi inaitwa tangawizi!" Warsame akapaza sauti, na watu wakacheka.

Nikajitokeza mbele. "Mzee, uongo huo ni wangu. Nilimtania mwenye duka. Abti hajafanya lolote."

Mzee Olow hata hakukasirika. "Mtoto, uongo ukishapanda lori hauteremki kwa kuitwa." Kisha akamgeukia Guled. "Fungua moja."

Guled akafungua. Chupa ilipiga kelele kama gurudumu lililopasuka, povu likaruka hadi kwenye shavu la Warsame, na mbuzi wawili wakakata kamba. Mzee akainusa.

"Umeiloweka lini?"

"Jana baada ya adhuhuri."

"Kunywa vikombe vitatu. Mfululizo."

Guled akanywa, macho yakimtoka machozi kwa ukali wa tangawizi. Mzee akampa bakuli la mbao, akamwonyesha ngamia jike. "Mlevi anaweza kuapa. Anaweza hata kutembea akijikaza. Kusimama kwa mguu mmoja chini ya ngamia hawezi. Kamua, watu wakuone."

Watu wakaitikia kwamba hiyo ni haki. Ngamia wetu hukamuliwa hivyo: mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja na kuuegemeza pajani, bakuli limekaa juu ya goti lililoinuliwa. Mchungaji wa miaka kumi hufanya hivyo akiimba. Lakini mimi nilijua jambo ambalo soko halikulijua. Abti Guled amekulia mjini. Maziwa ya ngamia huyapata kwa Sadia, kwa kikombe.

Ndama akanyonya kidogo, maziwa yakashuka, akavutwa pembeni. Guled akaukunja mguu, akaweka bakuli gotini, akanyoosha mkono. Akayumba kushoto. Akajirekebisha, akayumba kulia. Ngamia akageuza shingo yake ndefu kumtazama kama mwalimu anayesahihisha karatasi mbovu. Guled akarukaruka mara tatu kwa mguu ule mmoja, akacheua gesi yote ya vikombe vitatu kwa mpigo, akaanguka. Bakuli likabingirika hadi miguuni pangu.

"Kalewa!" Warsame akapiga kelele. "Wallahi kalewa!"

Soko zima likarudia. Guled alikuwa amekaa mavumbini, hajaribu hata kusimama. Nimewahi kusababisha mambo mengi maishani mwangu, lakini sikuwahi kuona lolote linalofanana na uso ule.

"Kimya!" Mzee Olow akasema.

Akachukua chupa, akamimina, akanywa kikombe cha kwanza. Akanywa cha pili. Kwenye cha tatu akasita, akaonja tena, akasema, "Ina moshi," kana kwamba amekutana na mtu wa kwao, akamaliza. Akaokota bakuli, akakaza kikoi chake cha macawis kiunoni, akaukunja mguu. Mzee wa miaka sabini na kitu alisimama pale kama korongo, akakamua kwa mikono miwili, maziwa yakinguruma ndani ya bakuli, huku akimjibu mtu salamu na kumuulizia hali ya malisho ya Tarbaj. Bakuli lilijaa hadi povu likapanda juu ya ukingo. Hakumwaga tone. Akashusha mguu.

"Warsame. Nimelewa?"

"Hapana, adeer."

"Sema wakusikie."

"Hajalewa!" Warsame akatangaza, povu likiwa bado shavuni.

"Basi na kijana huyu hajalewa. Huyu hajui kukamua. Ni aibu, lakini ni aibu nyingine kabisa."

Watu walicheka hadi ndama akaogopa, lakini kilikuwa kicheko kingine. Mikono ikaanza kuingia kwenye ndoo yetu ya barafu, na Warsame akachukua chupa mbili. Guled akasimama, akajipangusa.

"Adeer, na jibu langu?"

"Weris hukamua ngamia saba kabla jua halijachomoza," Mzee Olow akasema. "Nilitaka mume atakayemsaidia, si wa kuokotwa chini." Guled akainamisha kichwa. Mzee akajimiminia kikombe cha nne. "Lakini Habaswein joto ni kali, na soda hutufikia zimechemka. Utakuja na jerikeni lako. Mchana utauza hii. Alfajiri utafundishwa kukamua, na Weris ndiye atakayekufundisha, nami nitakuwa nimekaa pale pale naangalia. Siku utakayosimama kwa mguu mmoja hadi bakuli lijae, siku hiyo namwita sheikh."

"Na ikichukua mwaka?"

"Hiyo ni kazi yako na mguu wako."

"Haye, adeer," Guled akasema, akauinua mguu papo hapo, katikati ya soko. Warsame akaanza kuhesabu.