Nyumba ya Kitanda cha Sita

Saa nane mchana, vidonge vimeshagawiwa na vikombe vya plastiki vimeshakusanywa, muuguzi alivuta kiti karibu na kitanda cha sita cha wodi ya wagonjwa wa akili. Kwenye faili, chini ya historia ya mgonjwa, palikuwa na mistari miwili tu, na mashemeji waliomleta walikuwa wameshaijaza: Mjane. Anadai nyumba isiyo yake.

"Haya mama, tuendelee ulipoishia."

"Nimeishia wapi, mwanangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza?"

Akaanza na kizingiti. Marehemu mumewe alikichonga mwenyewe, kikatoka kimepinda, na kila mgeni alijikwaa. Alipomaliza kukieleza, kizingiti kilikuwa sakafuni, kati ya kitanda cha sita na cha saba, kimepinda vilevile. Muuguzi akakiandika kwenye ripoti ya zamu, akaenda kupima presha za wengine.

Wiki ile zilikuja kuta za sebule. Hadithi haikutaka pupa. Siku moja muuguzi alitupia saa jicho, ukuta wa jikoni ukaingia ufa. Hakuitazama tena. Mama akirudia jambo mara nne, naye alilisikiliza mara nne, na mara ya nne ndipo dirisha lilipokaa sawasawa.

Mfagizi alinung'unika. "Sista, vyumba vinaongezeka, mfagizi yule yule. Huyu mama akifika chooni, mimi naacha kazi."

"Choo kipo uani," mama akamtuliza.

Alhamisi daktari alipita, akajikwaa, akafungua faili. "Bado anadai nyumba?"

"Nyumba ndiyo hii, daktari."

"Naiona. Maana yake ugonjwa haujapungua." Akaongeza dozi.

Mama alilala siku mbili. Alipoamka ulimi ulikuwa mzito kama jiwe, lakini mabati yalikuja, moja moja, mpaka paa likatimia. Jioni hiyo alikula sahani nzima, amekaa jikoni kwake, akacheka peke yake kama mtu aliyekumbuka utani.

"Tuishie hapa, mwanangu," alisema. "Hapa pananitosha."

Lakini muuguzi alikuwa amefundishwa kwamba jambo lisilosemwa mpaka mwisho hubaki ndani kama mwiba. Alimshika mkono. "Malizia tu mama, utue mzigo. Nipo."

Mama aliisogeza sahani. Kisha akatoka jikoni, akarudi kitandani, akasimulia asubuhi aliyokwenda sokoni, akarudi na kukuta mashemeji wamebadilisha kitasa. Hakuongeza chumvi. Alipofika mwisho, mlango ulikuwa umefungwa, kitasa kipya kinang'aa, na funguo alizokuwa nazo hazikuingia. Muuguzi alijaribu zote.

Jumapili mashemeji walikuja kumjulia hali.

"Shemeji, hujambo? Tumekuletea sabuni," alisema mkubwa wao. Akatoa ufunguo mfukoni. Ukaingia, ukazunguka. Wakaingiza magodoro, redio na watoto wao. Muuguzi mkuu aliwadai hati, wakampa hati. Zilikuwa na mihuri yote. Vitanda vinne vikahamishiwa kwenye korido.

"Mama, waambie ni yako," muuguzi alimnong'oneza.

"Nimeshasema, mwanangu. Si umenisikia?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Daktari aliandika kwamba dawa imefanya kazi, mgonjwa ametulia.

Muuguzi huja bado, hata siku zake za mapumziko, na kwa kuwa mama hasemi, sasa yeye ndiye humsimulia mama: mtoto wake ameota jino, mvua imenyesha, nguo zimelowa kwenye kamba. Hakuna kinachotokea sakafuni. Juzi alikuwa katikati ya habari za jino, dirisha likafunguliwa na shemeji mkubwa akatoa kichwa.

"Sista, punguza sauti kidogo," alisema kwa upole. "Hapa ni hospitali."